Fedha nyumbufu ni nini?

Mwanzoni kabisa mwa sheria iliyounda Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, kuna maneno "fedha nyumbufu", na yametajwa kama mojawapo ya sababu za kuitunga. Maana yake ni fedha ambayo wingi wake huongezeka biashara inapochangamka, kisha hupungua biashara ikipoa.

Noti za Marekani hazikuwa hivyo. Tangu miaka ya 1860, benki binafsi zenye kibali cha serikali kuu zilitoa noti, kila noti ikiwa na jina la benki yake. Ili kuzitoa, benki ilipaswa kwanza kuweka dhamana Hazina: hati fungani za serikali. Basi noti zikafuata deni la serikali badala ya mavuno. Serikali ikilipa madeni yake, jambo la kusifiwa kwingineko, dhamana ya noti inapungua.

Balaa lilikuja kila vuli. Pamba ikishachumwa Kusini, wanunuzi hutaka noti mkononi, na benki za vijijini huziita amana zao kutoka New York. Riba hupanda huko, na wenye hofu huanza kupanga foleni. Oktoba 1907 kampuni ya Knickerbocker Trust ilifunga milango baada ya wateja kuchota mamilioni ya dola kwa saa chache. Noti ziliadimika hata waajiri wengine wakalipa mishahara kwa vyeti vya muda vilivyotolewa na vyama vya mabenki, na wenye maduka wakavipokea.

Kwamba fedha inyumbuke, wengi walikubali. Ugomvi ulikuwa nani aivute. Seneta Nelson Aldrich wa chama cha Republican alitaka chombo kimoja chini ya mabenki yenyewe. Mpango huo aliuandaa na mabenka wachache, kwa siri, katika kisiwa cha Jekyll mwaka 1910. Siri hiyo ilimponza, kwa maoni yangu, kuliko hesabu zake. William Jennings Bryan wa Democratic alishikilia kwamba noti ni kazi ya serikali, basi.

Sheria aliyotia saini Rais Woodrow Wilson tarehe 23 Desemba 1913 ilichukua njia ya kati: benki za kanda, ambazo baadaye ziliamuliwa kuwa 12, bodi Washington, na noti zikawa deni la serikali. Benki ikimkopesha mfanyabiashara, hati yake ya ahadi ya kulipa ingeweza kupelekwa benki ya kanda na kuleta noti mpya. Deni likilipwa, noti zinarudi. Juu yake iliwekwa akiba ya dhahabu ya asilimia 40, kwa hiyo mpira ulikuwa na kikomo.

Vita vilipolipuka Ulaya Agosti 1914 na noti zikahitajika ghafla, benki hizo 12 zilikuwa hazijafunguliwa. Zilizookoa jahazi ni noti za dharura za sheria ya 1908, sheria yenye jina la Aldrich.