Kuonja barliwaini: usiipe alama kwa funda la kwanza

Ukiniwekea mbele glasi ya barliwaini, kisha baada ya funda moja ukaniuliza kama ni nzuri, jibu langu litakuwa: bado. Wala sina maringo. Bia hii ina wasemaji watatu wenye sauti kubwa, yaani utamu wa kimea (shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa), uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) na ukali wa kileo, na hawasemi kwa wakati mmoja. Ikiwa baridi, kileo huficha makucha na utamu hunyamaza, uchungu ukabaki peke yake mbele. Ikipata joto kidogo mambo hugeuka. Kwa hiyo kuitathmini barliwaini ni kazi ya kuifuatilia: inaanzaje, inabadilikaje, na kama wale watatu bado wanaelewana glasi inapokaribia kwisha.

Kwanza tujue tunakunywa nini. Jina lake maana yake ni mvinyo wa shayiri, lakini hii ni bia ya jamii ya eli, yaani zinazochachushwa penye joto kuliko laga, na haina zabibu hata tone. Kileo chake kwa kawaida ni asilimia 8 hadi 12. Maji ya kimea kabla ya kuchachushwa huwa na densiti (uzito ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000) ya 1.080 hadi 1.120, ilhali ya bia nyingi za kila siku hayafiki 1.050. Asili yake ni Uingereza, ambako kiwanda cha Bass cha Burton upon Trent kiliuza bia yake kali ya No. 1 kwa jina hilo. Watengenezaji wa zamani walikuwa wakichuja kimea kilekile zaidi ya mara moja: maji ya kwanza, mazito na yenye sukari nyingi, yalipikwa bia kali, na yaliyofuata yakatoa bia nyepesi. Wamarekani waliichukua baadaye wakaijaza hopsi. Anchor ya San Francisco ilipika Old Foghorn kwa mara ya kwanza mwaka 1975, na Sierra Nevada ikatoa Bigfoot mwaka 1983.

Tofauti ya shule hizi mbili ni lazima uijue kabla hujanusa. Mwongozo wa BJCP (mpango wa Kimarekani wa kuwathibitisha waamuzi wa bia), unaotumiwa na waamuzi wengi wa mashindano, unaipa ya Kiingereza uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 35 hadi 70, na ya Kimarekani 50 hadi 100. Ukiionja J.W. Lees Harvest Ale ya Uingereza, ambayo hupikwa kwa kimea cha Maris Otter na hopsi za East Kent Goldings, halafu ukalalamika kwamba harufu ya hopsi ni ndogo, kosa ni lako. Na ukiionja Bigfoot ikiwa mbichi ukasema uchungu umezidi, umeilaumu kwa kuwa vile ilivyokusudiwa kuwa.

Maandalizi hayana mambo mengi. Itoe kwenye friji mapema, uionje ikiwa kati ya nyuzi 10 na 14 za Selsiasi. Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, uijaze hadi theluthi tu ili harufu ipate mahali pa kukusanyika. Mililita 100 hadi 150 zinatosha mtu mmoja. Na hapa niseme kitu ambacho wapenzi wa bia kali hujifanya hawakijui: chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za kileo halisi, wakati nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina 25. Chupa ndogo, mzigo mkubwa. Gawaneni.

Nusa kabla ya kuizungusha glasi, tena kwa mivuto mifupi. Mvuto mrefu kwenye bia ya nguvu hii huchoma pua, na pua iliyochomwa haikusaidii kwa dakika kadhaa zinazofuata. Kinachotoka mwanzo ni vitu vyepesi: matunda yanayotengenezwa na hamira, hopsi kama ni mbichi, na bahati mbaya, kasoro. Ukinusa kitu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni ethili asetati iliyozidi. Mara nyingi hamira ilifanya kazi kwa shida au kwa joto lisilofaa. Ukinusa siagi, ni diasetili. Ikiwa hafifu katika bia ya Kiingereza naivumilia, lakini ikitangulia kimea siivumilii. Sasa zungusha glasi, ifunike kwa kiganja, unuse tena. Hapo ndipo kimea hufunguka: mkate uliookwa sana, karameli, shira, zabibu kavu, tini, tende. Andika neno lile la kwanza linalokujia, usilitafutie jingine zuri zaidi.

Rangi na povu nazipitia haraka. Kuanzia dhahabu iliyokolea hadi kahawia iliyoiva, zote zinakubalika. Povu dogo linalotoweka mapema si kosa, kwa kuwa kileo kingi hulivunja. Ile michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi watu huipenda sana. Inaonyesha kuna kileo, jambo ambalo lebo ilishakwambia.

Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo, usilipe alama. La pili ndilo la kazi. Lizungushe juu ya ulimi, limeze, halafu toa pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefungwa. Waonjaji wa mvinyo hutema. Kwenye bia wengi wetu tunameza, maana harufu inayopanda puani kutoka kooni pamoja na uchungu unaobaki ni sehemu kubwa ya hukumu.

Sasa swali gumu: utamu. Barliwaini lazima iwe nzito. Densiti yake ya mwisho, baada ya hamira kumaliza, huwa kati ya 1.016 na 1.030, maana yake sukari ambazo hamira haikuweza kuzila zimebaki nyingi. Uzito huo unaweza kuwa neema au gundi. Kipimo changu ni midomo. Baada ya kumeza ninangoja kidogo: kama utamu unaondoka, uchungu ukashika nafasi yake na mate yakaanza kujaa, bia imesimama. Kama midomo inanatana na ulimi unatamani maji, basi hamira ilichoka kabla ya safari kwisha, pengine kwa kuwekwa chache au kunyimwa oksijeni mwanzoni, au mpishi alipenda mno vimea vya karameli. Barliwaini nzuri nyingi hupata rangi na kina chake kutokana na wingi wa kimea cha kawaida na kuchemshwa kwa saa nyingi, na karameli hutiwa kidogo tu. Binafsi naona utamu uliozidi ndio ugonjwa mkuu wa bia hizi siku hizi. Umeenea kwa sababu unapendeza katika funda moja, na watu wengi hutoa alama kwa funda hilohilo moja.

Uchungu ndio uti wa mgongo hapa. IBU 60 katika bia nyepesi ingekukunja uso. Katika bia iliyoanzia 1.100 inatosha tu kuuzuia utamu usimwagike. Kwa hiyo usisome namba ya uchungu kwenye lebo ukadhani umejua kitu. Uliza kama uchungu unafika kwa wakati, na kama ukifika ni safi au unakwaruza.

Kisha kileo. Natofautisha joto na moto. Joto husikika kifuani baada ya kumeza, hutanda taratibu na kuacha harufu tamu puani. Moto hukamata kooni papo hapo, wakati mwingine hata ncha ya ulimi, na una harufu ya spiriti. Mara nyingi chanzo cha moto ni alkoholi nzito, ambazo hamira huzitoa kwa wingi inapochachusha kwenye joto kubwa. Ndiyo maana bia mbili za asilimia 10 zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikanyweka kama ya 7 na nyingine ikakukohoza. Utasikia watu wakisema, "Iache chupani, itapoa." Ukali wa ujana hupungua kweli, lakini alkoholi nzito zikishakuwa nyingi hazina pa kwenda. Bia iliyochachushwa vibaya itakuwa bia nzee iliyochachushwa vibaya.

Na umri ndio unaonipendeza zaidi katika bia hii, kwani ndio mahali ambapo sheria za kawaida huvurugika. Katika laga, dalili yoyote ya oksijeni ni hukumu ya kifo. Katika barliwaini, oksijeni ni mgeni anayekaribishwa kwa masharti. Miaka inavyopita, asidi za hopsi zinazoleta uchungu huvunjika, harufu ya hopsi ndiyo hutangulia kufa, na kimea husogea kutoka karameli kwenda matunda makavu, ngozi, tumbaku, lozi, halafu sheri au Madeira, yaani mivinyo iliyoongezwa spiriti. Kampaundi moja inayohusika, sotoloni, hupatikana pia katika mivinyo ya aina hiyo. Ikiwa kidogo hutoa karameli na sukari iliyoungua, ikizidi hukupeleka kwenye binzari. Upande wa pili wa oksijeni ileile ni harufu ya boksi lililolowa. Hii haina utetezi, hata bia iwe na umri gani.

Mpaka uko wapi, basi? Naangalia kilicho nyuma ya harufu. Kama ladha za sheri zimekaa juu ya kimea ambacho bado kina mwili, naziita ukomavu. Kama kimea kimekonda, katikati ya ulimi pakawa patupu na zikabaki harufu peke yake, bia imepitwa, na bei ya chupa hainibadilishi mawazo. Kuna pia ladha ya mchuzi wa soya, nayo huwagawa watu. Hutokea hasa seli za hamira zilizokufa chini ya chupa zinapopasuka na kumwaga vilivyomo. Ikiwa kwa mbali huongeza kina. Ikijitokeza waziwazi, mimi naikata alama.

Ukitaka kuhifadhi, ziweke chupa wima, gizani, mahali penye baridi isiyobadilikabadilika, nyuzi 10 hadi 13 hivi. Giza ni muhimu kwa kuwa mwanga hugeuza kemikali za hopsi kuwa harufu ya kicheche, na chupa ya kahawia huchelewesha tu. Nunua zaidi ya moja, ufungue moja moja miaka ikipita. Na siku ukionja miaka kadhaa ya bia ileile kwa mkupuo, ushauri wangu unapingana na wa wengi: kwa zile za Kimarekani anza na nzee kuliko zote. Ukianza na mbichi, hopsi zake zitaufunika ulimi na nzee zitaonekana maji matamu.

Zile zilizolala katika mapipa ya wiski zinahitaji jicho la peke yake. Mwaloni hutoa vanila na harufu ya nazi, na pipa lililokuwa na wiski huongeza kileo na moshi au karameli yake. Vyote vinapendeza mno, na hapo ndipo funika kombe mwanaharamu apite inapofanyika: bia yenye utamu wa gundi ikitoka na vanila, watu huisamehe. Jiulize, pipa likiondolewa, kingebaki nini? Kama huwezi kuutaja kimea wala uchungu, umeonja ubao.

Kuhusu alama, karatasi ya BJCP ina jumla ya 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Naandika maneno kwanza, namba baadaye, kwa maana namba ikitangulia maneno huanza kuitetea. Halafu naiacha glasi ikiwa na mafunda mawili matatu ndani na kuirudia baada ya dakika ishirini, imeshapata joto la chumba. Zile alama 10 za mwisho sizijazi kabla ya hapo. Barliwaini nyingi zilizopikwa kwa haraka huanguka katika hatua hii: utamu unatepeta, kileo kinajitenga kama safu ya mafuta juu ya mchuzi. Zilizopikwa kwa akili hunenepa kwa harufu, na funda la mwisho huonyesha kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho.

Kati ya bia na bia kunywa maji ya kawaida na utafune mkate usio na chumvi nyingi wala siagi. Usiweke zaidi ya nne au tano katika kikao kimoja, hata kwa vipimo vidogo. Baada ya hapo utamu wote hufanana, na unaanza kuipa alama ile ya mwisho kwa sababu tu wewe mwenyewe umechangamka. Kama mezani kuna bia nyingine nyepesi, zionjwe kabla, zote.