Kona ndogo kabisa ya kichwa cha treni cha modeli: pima ekseli kwanza

Namba iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. Kinachoamua kona ni ekseli zilizofungwa kwenye fremu moja, si urefu wa kichwa chote. Fremu haipindi. Reli ikipinda, ekseli za mwanzo na mwisho zinakaa sawa, ya katikati inavutwa upande wa nje wa kona. Inasogea kwa B² ÷ 8R: B ni umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho, R ni nusukipenyo cha kona, vyote kwa milimita.

Tuchukue 9F, kichwa cha mvuke cha Uingereza kilichojengwa 1954 hadi 1960, chenye ekseli tano za kuendesha. B yake halisi ni futi 21 na inchi 8, kwenye skeli ya OO (1:76.2) inakuwa milimita 86.7.

Sasa shika kaliperi. Geji ya njia, yaani umbali kati ya reli mbili, ni milimita 16.5. Pima magurudumu kutoka ukingo wa nje wa flanji moja (mdomo wa gurudumu unaoshuka ndani ya reli) hadi ya pili; tuseme 15.9. Hapo una nafasi ya 0.6. Kisha sukuma kila ekseli kushoto na kulia, na uchukue nusu ya mwendo wake: tuseme 0.5 kwa ekseli za ndani, 0.2 kwa za mwisho. Jumla ni 1.3.

Kama ekseli ya katikati ingekuwa na flanji, R ingekuwa 86.7² ÷ (8 × 1.3), yaani karibu 723. Ni kona pana mno kwa meza ya nyumbani. Lakini 9F halisi haina flanji kwenye ekseli hiyo, hivyo zinazobana ni ya pili na ya nne. Kwao hesabu ni 3B² ÷ 32R, na R inashuka hadi 542. Mimi huongeza asilimia 10, maana maungio ya reli hayakai kwenye tao kamili: karibu 600.

Ukitaka ipite kwenye kona ya 438, geuza hesabu: unahitaji nafasi ya 1.6. Itoe kwenye ekseli ya pili na ya nne. Usiiguse ya kwanza, kwa sababu pini ya gurudumu lake inayoshika fimbo ikitoka nje itagonga vyuma vinavyoteleza nyuma ya silinda. Ekseli isiyo na flanji nayo ibane kwa washa (pete nyembamba). Ikiyumba, gurudumu la upande wa nje linateleza kutoka juu ya reli na kudumbukia katikati ya njia, na kichwa kizima kinainama.

Magurudumu madogo ya mbele yana kesi yao. Yakigusa silinda za chuma, umeme unapiga shoti na treni inasimama katikati ya kona bila kuanguka. Wengi hapo hulaumu mota.

Kona yenyewe ipime pia. Laza rula ya milimita 300, ncha zake zote mbili ziguse uso wa ndani wa reli ya nje, kisha pima pengo la katikati. Pengo la 20 lina maana 300² ÷ 160 + 10, yaani 572.5, toa 8 kufika katikati ya njia. Rudia kila sentimita 10, hasa kwenye maungio. Sehemu moja ya 480 ndani ya kona ya 600 inatosha kuangusha treni, na itaiangusha palepale kila mara.