Chakula kipo, kwa nini watu wanalala njaa?

Kila mwaka dunia huvuna takriban tani bilioni 2.8 za nafaka. Zikigawanywa sawasawa kwa watu bilioni 8, kila mmoja, hata mtoto mchanga, angepata karibu kilo moja kwa siku, kabla hatujahesabu kunde, mizizi, matunda na samaki. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa watu milioni 673 walikabiliwa na njaa mwaka 2024.

Zaidi ya theluthi ya nafaka hizo hulishwa mifugo, kwa kuwa mfugaji ana fedha za kuzinunua na mwenye njaa hana. Mbegu bora, mbolea na umwagiliaji vimeokoa maisha ya wengi, na mwanasayansi wa kilimo Norman Borlaug alistahili Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyopewa mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano. Lakini kuvuna ni jambo moja, na chakula kumfikia mlaji ni jambo jingine. Mchumi Amartya Sen alilichunguza baa la njaa la mwaka 1943 huko Bengal, India ya enzi za ukoloni wa Uingereza, lililoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Alionyesha kuwa upungufu wa mavuno peke yake hauelezi vifo vile. Bei ya mchele ilipaa wakati wa vita, ujira wa vibarua ukabaki chini, na wao ndio waliokufa kwa wingi.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba wengi wanaoshinda njaa leo ni wakulima wenyewe. Mkulima mdogo huvuna akiwa na deni la pembejeo, hivyo huuza mara moja, wakati soko limefurika na bei iko chini. Miezi michache baadaye akiba imekwisha, naye anarudi sokoni kununua nafaka ileile kwa bei ya juu. Kile alichobakiza nacho hushambuliwa na dumuzi na fukusi.

Kwa hili dawa ipo, tena si ya gharama kubwa. Kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Mfuko ukifungwa barabara, wadudu humaliza hewa ya oksijeni iliyobaki ndani, huacha kula na hatimaye hufa, bila sumu yoyote. Sharti ni kwamba nafaka iwe imekauka vizuri, la sivyo itaota ukungu. Mkulima akipata pia ghala linalompa stakabadhi ya nafaka aliyoiweka, anayoweza kukopea benki, hatalazimika kuuza kwa bei ya kutupa.

Kwa maoni yangu, mifuko na maghala hayo yanastahili bajeti kubwa kuliko yanayopata sasa. Kampeni za kuhimiza familia zisitupe chakula ni nzuri, lakini sahani iliyookolewa mjini haimfikii asiye na kipato kijijini.

Vita ni suala jingine. Mwaka 2018 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2417, lililaani kutumia njaa kama silaha ya kivita. Mwaka 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, Darfur, nchini Sudan. Mahali kama hapo kinachohitajika ni kufunguliwa kwa barabara na usalama wa wanaopeleka misaada.

Pasipo na vita, kinachotegua kitendawili ni kipato. Kuanzia mwaka 2003 Brazil ilizipa familia maskini ruzuku ya fedha, wengi wa wapokeaji wakiwa akina mama. Sheria ya mwaka 2009 ikaagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za mlo wa shuleni zinunue mazao ya wakulima wadogo. Mwaka 2014 nchi hiyo iliondolewa kwenye ramani ya njaa duniani, ambayo Umoja wa Mataifa huitumia kuonyesha nchi ambako njaa imeenea. Uchumi uliposhuka na mipango hiyo kudhoofishwa, ikarudi. Mipango ikafufuliwa, na mwaka 2025 ikatangazwa kuwa imetoka tena. Kipindi chote hicho, Brazil ilikuwa miongoni mwa nchi zinazouza nje chakula kingi zaidi duniani.