"Mbona moyo wake ulionekana mzima?" Dhana potofu kuhusu mapigo ya moyo yanayovurugika kwa kurithi

Dhana: Altrasaundi ikitoka safi, moyo hauna neno.

Altrasaundi huonyesha misuli, vali na msukumo wa damu. Hitilafu hii ya kurithi inayovuruga mapigo haikai huko. Iko kwenye vijilango vidogo mno vya seli vinavyopitisha sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na mwendo wa madini hayo ndio umeme wa moyo. Herufi moja tu ikibadilika kwenye jeni, kijilango chaweza kuchelewa kufungika au kushindwa kufunguka. Ndiyo maana hata uchunguzi wa maiti huweza kutoona kitu. Sindromu ya QT ndefu, yaani hali ya umeme wa moyo kuchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,000. Huonekana kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, lakini si kila mara: wapo wenye badiliko la jeni linaloileta ambao ECG yao ni ya kawaida kabisa.

Dhana: Anayeanguka na kutetemeka ana kifafa.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Mapigo yakivurugika, ubongo hukosa damu, na mwili huweza kukakamaa na kurukaruka vilevile kama wa mwenye kifafa. Wapo waliomeza dawa za kifafa kwa miaka huku tatizo likiwa moyoni. Swali la maana ni hili: alikuwa akifanya nini dakika ile?

Kwa QT ndefu, jeni zenyewe hujibu. Mwenye hitilafu kwenye KCNQ1 huzimia zaidi akikimbia, na hasa akiogelea. Wa KCNH2 hushtuliwa na mlio wa ghafla, kama saa ya kuamshia au simu ya usiku. Wa SCN5A hupatwa zaidi akiwa amepumzika au amelala. Kwa hiyo wanaosema haya ni maradhi ya wanamichezo tu wanakosea pia.

SCN5A ina vituko vyake. Mabadiliko yanayokiacha kijilango cha sodiamu wazi kupita kiasi huleta QT ndefu. Yanayokidhoofisha huweza kuleta sindromu ya Brugada, ugonjwa mwingine wa kurithi wa mapigo, ulioelezwa mwaka 1992 na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada. Hiyo, homa tu yaweza kuichochea.

Dhana: Ukirithi hitilafu ya namna hii, siku zako zinahesabika.

Kwa kawaida mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Lakini kuibeba si kuugua: wengi hawazimii hata mara moja maishani. Wenye QT ndefu hupewa vizuia-beta, dawa za kutuliza moyo, kama propranololi na nadololi, ambavyo hupunguza hatari sana, na wachache hupandikizwa kifaa cha kushtua moyo. Wanapaswa pia kumwambia kila daktari na mfamasia hali yao, kwa kuwa dawa za kawaida tu, mfano erithromaisini na klorokwini, hurefusha QT.

Dhana: Kipimo cha jeni humaliza ubishi.

Hakimalizi. Kati ya wenye QT ndefu ya wazi, takriban 1 kati ya 5 hakutwi na badiliko lolote linalojulikana. Wengine huambiwa wana badiliko ambalo maana yake haijulikani, jibu linaloacha familia njia panda. Kipimo hufaa zaidi pale badiliko lenye madhara limeshatambuliwa kwa mgonjwa mmoja. Hapo ndugu zake hutafutiwa hilohilo, na asiye nalo huachiwa aende zake, na watoto wake hawana haja ya kupimwa badiliko hilo.