Mumbai mpaka Dubai si lisaa limoja na dakika 45 jamani

Watu wengi wanaangalia tiketi, wanaona ndege inatoka Mumbai saa 4 asubuhi inafika Dubai saa 6 kasoro robo, basi wanasema aah ni karibu tu, halafu wakiangalia ya kurudi wanaona imetoka Dubai saa 4 na kufika saa 8 na nusu mchana, wanaanza kusema ndege ya kurudi inazunguka. Haizunguki! Saa za kwenye tiketi ni za kila mji ulipo, na Dubai iko nyuma ya Mumbai kwa lisaa limoja na nusu. Kwa hiyo ukienda unaongeza hilo lisaa na nusu, unapata masaa 3 na robo, ukirudi unalitoa, unabaki na masaa 3. Umbali ni ule ule, kama kilomita 1,930 kwa mstari ulionyooka.

Hiyo robo saa inayobaki kwa kawaida ni upepo, maana huko juu unavuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki hasa miezi ya baridi, ukienda Dubai unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma. Na muda wa tiketi unahesabu pia ndege kutembea chini uwanjani na kusubiri zamu, Mumbai pana msongamano kweli.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanapeleka wagonjwa India wakipitia Dubai, ukikosea hesabu hapo unapanga dawa na chakula vibaya, mgonjwa anateseka.