Kukosea si kusema uongo

Wengi tumezoea hivi: mtu akisema jambo, likabainika si kweli, basi ni mwongo. Sivyo. Kipimo ni kile alichokiamini alipokuwa anasema. Aliyekuambia basi linaondoka saa mbili, kumbe ratiba ilibadilishwa jana bila yeye kujua, amekosea tu. Lakini anayeamini basi limeshaondoka, akakuambia bado lipo ili upoteze muda, amekudanganya, hata ukilikuta kituoni.

Kumbukumbu ndiyo inayowaponza wengi, na inaponza kimyakimya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974 nchini Marekani, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana", jingine, "yalipogongana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la kwanza, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. La pili, 7 kati ya 50. Filamu haikuonyesha kioo chochote kilichovunjika. Neno moja la swali lilitosha.

Kwa hiyo ukimhoji mtu, usianze na "Ulimwona akikimbia?" Anza na "Uliona nini?", kisha uliza alijuaje: aliona mwenyewe, au aliambiwa? Halafu mwonyeshe ushahidi, utazame anachofanya. Aliyekosea husahihisha, ingawa aibu inaweza kumchelewesha kidogo. Akishajua ukweli na bado akarudia maneno yaleyale ili uyaamini, hapo sasa anasema uongo.