Sitaha ya Ufukweni: Piga Hesabu ya Miaka 20 Kabla ya Kununua Mbao

Swali tunaloletewa sana maabara siku hizi, na wenye nyumba Kigamboni na wenye hoteli Zanzibar, ni moja: kwa sakafu ya mbao ya nje ya nyumba, nichukue mtiki, au zile mbao za plastiki? Muuzaji ameshawaambia kwamba mbao za plastiki haziozi, haziliwi na mchwa na hazitaki matunzo. Maneno hayo yana ukweli, ila si wote.

Kwanza, si plastiki tupu. Ni unga wa mbao, mara nyingi nusu ya uzito au zaidi, uliochanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, kama polithini, na kusukumwa kwenye kalibu hadi utoke na umbo la ubao. Kwenye maboksi huandikwa WPC. Sisi tunaziita kompositi. Mafundi kazi yenyewe wanaiita deki, na yupo mteja aliyedhani tunajadili kupiga deki, kwa hiyo hapa nitatumia sitaha, kama wasemavyo mabaharia.

Ndani ya jina hilo moja kuna bidhaa zisizofanana hata kidogo. Upo ubao ulio uchi, ambao unga wa mbao umefika hadi juu. Huo hunywa maji, hushika ukungu na madoa ya mafuta, na hupauka ndani ya miezi michache ya mwanzo. Upo uliovikwa ngozi ya plastiki, unene wake kama nusu milimita, ambao hustahimili jua na maji vizuri zaidi. Ila geuza ubao uangalie tumbo: mwingine umevikwa pande tatu tu. Kisha tazama kichwa chake. Ukiona matundu kama ya tofali la bloku, ni mwepesi na wa bei nafuu, lakini maji yakiingia kwenye matundu yale hayatoki kirahisi.

Usitegemee katalogi. Omba kipande cha sentimita 20, kipime kwenye mizani ya jikoni, kitumbukize kwenye ndoo ya maji siku nzima, kifute, kipime tena. Binafsi, kipande kilichoongezeka zaidi ya gramu 20 kwa kila kilo nakirudisha dukani. Kingine kiache juani hadi saa nane mchana, halafu kikanyage bila viatu. Kompositi ya rangi nyeusi au kahawia iliyoiva inaweza kupita nyuzi joto 60 kwenye jua kali, na mgeni anayetoka bwawani hatakuwa na haja ya kusoma waranti.

Sasa hesabu. Bei hubadilika kila kontena linapoingia, kwa hiyo nitatumia mafungu badala ya shilingi, kwa mfano tu. Weka bei zako mwenyewe. Tuseme paini ya dawa, yaani iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kama ile ya shamba la miti la Sao Hill, ni fungu 1 kwa mita ya mraba. Kompositi uchi yenye matundu ni 2, iliyovikwa ngozi ni 3, mtiki ni 3.5. Paini unaipaka kila baada ya miaka 2 kwa 0.1, mara 9, na mwaka wa 10 unaing'oa na kuweka mpya, pamoja na nusu fungu la fundi: jumla 3.4. Kompositi uchi ikibadilishwa mara moja, pamoja na nusu fungu la fundi, inafika 4.5. Iliyovikwa ngozi inabaki 3, pamoja na maji na sabuni. Ile kompositi uchi iliyoonekana nafuu dukani imegeuka kuwa ghali kuliko mtiki.

Na kuhusu mtiki, wauzaji wa kompositi wana ujanja mmoja. Huuhesabia mafuta mara mbili kila mwaka kwa miaka 20, hapo kweli bei inapaa. Lakini mafuta yale ni ya kulinda rangi. Mtiki ukiachwa hugeuka kijivu na kuendelea na kazi yake. Cha kuogopa ni ubao wa mti mchanga wenye weupe mwingi pembeni. Weupe huo huoza kama mti mwingine wowote. Lipia moyo wa kahawia tu.

Mbao za dawa nazo zina tahadhari. Zile za kijani mara nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwa mama lishe; moshi na majivu yake ni sumu.

Hata hivyo, sitaha nyingi mbovu tunazofungua hazikuharibika juu. Mwaka jana tulifungua moja iliyokuwa ikibonyea baada ya miaka mitatu. Mbao za kompositi zilikuwa nzima kabisa. Chini yake boriti za paini isiyo na dawa zilikuwa zimebaki maganda, mchwa wamemaliza ndani, na skrubu zilikatika kwa vidole kwa kutu. Mwenye nyumba alilipia ubao wa miaka 25 akaulaza juu ya mifupa ya miaka mitatu.

Kwa hiyo mwulize fundi mambo haya kabla hajashusha vifaa. Boriti ziachane sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati, na 30 kwenye ngazi, kwa sababu kompositi ni nzito na hulegea ikipata joto. Vichwa vya mbao viachiwe nafasi: ubao wa mita 4 unaweza kurefuka milimita 4 au 5 kati ya alfajiri na mchana, na usipokuwa na pa kwenda utanyanyuka. Skrubu ziwe za chuma cha pua daraja 316; za mabati haziwezi chumvi ya ufukweni. Hewa ipite chini.

Waranti isome yote. Nyingi hulipia ubao tu, si kazi ya kuubadilisha, fidia hupungua miaka inavyokwenda, na hoteli hupewa muda mfupi kuliko nyumba ya kuishi. Fundi akiachanisha boriti kupita kipimo, waranti imekufa.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona kwenye ankara yoyote. Mtiki uliong'olewa baada ya miaka 20 seremala anaununua: anauranda, anatengeneza benchi au fremu ya dirisha. Kompositi kuukuu hairandiki, haifai kuchomwa, na hapa kwetu bado sijamwona mnunuzi wake. Ya kuibeba hadi dampo, utalipia wewe.